Tawi Lililofutwa

Mzee Bethwel Wabwile aliondoka nyumbani kwake Malakisi asubuhi ya siku ya soko, koti lake la kijivu mabegani na viatu vya kanisani miguuni, akamwambia mkewe kwamba anakwenda kuonana na karani wa tumbaku. Mkewe, Mama Nabwile, alikuwa ukumbini akipepeta maharagwe. Alimwambia aende salama. Mzee alikuwa ameshapita lango mkewe alipokumbuka kwamba karani huyo alikufa zamani, na wao wenyewe walikesha kwenye matanga yake. Akamwita. Mzee hakusikia, au alisikia akadhani anaitwa mtu mwingine. Miezi hiyo alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Aliwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake marehemu, na hata kuna wakati alikutwa kwa jirani akipalilia tumbaku katikati ya shamba la mihogo.

Jioni ilifika, kuku wakaingia ndani, mzee hakurudi.

Habari zilipofika Kitale zilimkuta Waruguru jikoni. Waruguru alikuwa mke wa Khisa, mtoto wa pili wa mzee, mwalimu wa sekondari. Yeye mwenyewe alikuwa binti wa Gachanja, watu waliohamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a kabla hajazaliwa, na alikulia kwenye mahindi, Kitale ikiwa ndiyo kwao pekee. Alipoolewa na Khisa alifundishwa mambo ya nyumba ile pole pole, na la kwanza lilikuwa adabu ya mkwe. Mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe usoni. Hampi mkono, haketi naye kiti kimoja, hamtaji jina. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Mwanzoni Waruguru alidhani mzee hampendi. Baadaye alielewa kwamba ile ilikuwa namna yao ya kupendana, kila mtu akimlindia mwenzake heshima kwa mbali, na akaizoea hadi ikawa yake.

Juma la kwanza familia ilitafuta kwa fujo. Kundi la WhatsApp lilijaa sala na uvumi, ujumbe mmoja ukiufunika mwingine. Siku moja Khisa na mdogo wake Jotham walikutana katika kituo kilekile cha polisi, kila mmoja akidhani ametumwa peke yake, na siku hiyohiyo hakuna aliyekwenda steji kuwauliza makondakta. Waruguru aliona hivyo ikamuuma. Kazini kwake, kwenye ushirika wa wakulima, yeye na wenzake walio miji mbalimbali walipanga mafunzo ya mashambani kwa ramani ya mawazo ya mtandaoni. Huo ulikuwa ukurasa mmoja mweupe ambao kila aliyetumiwa kiungo aliufungua kwenye simu yake na kuona wenzake wakiandika papo hapo, kila mmoja kwa rangi yake. Jambo lenyewe liliwekwa katikati, ndani ya duara. Kutoka hapo yalichipuka matawi, na kila tawi likazaa vijitawi. Mtu akichukua kazi aliandika jina lake pembeni, akiimaliza tawi likatiwa rangi ya kijivu.

Alimwomba Khisa ruhusa, kisha akafungua ramani ya familia. Ilipofika zamu ya kuandika neno la katikati vidole vilisita. Jina la mzee hakuwa amewahi kulitamka, na kuliandika aliona ni hivyohivyo. Akaandika BABA.

Siku mbili za kwanza ile ramani ilikuwa kama faraja. Jotham, aliyekuwa na duka la kutengeneza simu pale Malakisi, alichukua steji na bodaboda. Khisa alichukua polisi na redio. Dada yao mkubwa, Wilkista, mtumishi wa serikali ya kaunti mjini Bungoma, alichukua hospitali na ofisi za machifu, na kwa vile alizoea kuongoza alianza kuwaandikia wengine maagizo pembeni ya matawi yao. Waruguru aliweka tawi moja ambalo hakulitegemea sana: Mahali alipopapenda. Hilo ndilo lililokua kuliko yote. Khisa aliandika mto ambapo baba alimfundisha kuogelea. Wilkista aliandika kanisa ambalo baba aliwahi kuwa mzee wa kanisa. Jotham aliandika Lugulu, na chini yake akaongeza kwamba baba alimwambia alipokuwa kijana alikuwa akitembea kwa miguu hadi huko kumposa mama. Wilkista akamwandikia kwamba hayo ni mambo ya kutunga, baba alimpata mama kwenye mkutano wa injili. Wakampigia mama simu. Mama Nabwile akasema ni kweli, alitembea, na siku ya kwanza alifika viatu vimeisha, watoto wa kwao wakamcheka.

Walikwenda Lugulu. Mwanamke mwenye kibanda cha chai karibu na barabara ya hospitali ya misheni alimkumbuka mzee wa koti la kijivu. Alisema alikunywa chai, akaulizia njia ya kwa wakwe zake, akaeleza kwamba amechelewa kwenye mazungumzo ya mahari. Alikuwa na furaha, yule mama alisema, kama mtu anayekwenda sherehe. Jua lilipokaribia kuzama alishika njia ya kuelekea barabara kuu.

Hapo ndipo alama yake ilipoishia.

Waruguru alitazama ile ramani asubuhi iliyofuata, chai ikipoa mezani. Mzee amezeeka, hajijui, giza linaingia, anafika barabara ya malori. Kila aliyekuwa na macho aliona tawi linalofuata. Kwenye kundi hakuna aliyelisema. Aliwaza jinsi ya kuandika neno lile, akatafuta lililo laini, asilipate. Mwishowe aliandika: Mochari.

Adhuhuri alipofungua tena, tawi halikuwepo. Alidhani mtandao umecheza. Akaliandika upya. Liliondoka akiangalia, neno likafifia mbele yake kama maji yanavyokauka kwenye jiko la moto. Ukurasa ule ulihifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, na jina lilikuwa la Wilkista.

Simu ikaita muda huohuo.

"Mama Phelista," Wilkista alisema, akimwita kwa jina la binti yake, "hiyo neno usiandike tena."

Waruguru alimwambia, kwa upole aliouweza, kwamba hakumaanisha vibaya. Alisema ni mahali pa kutazama tu, kama hospitali, ili wapatie rangi ya kijivu na kuendelea.

"Si umetazama na umeona hakuna mtu amelia hapa? Mama bado anampikia. Kila jioni anaweka sahani. Sasa wewe unataka afungue simu ya Jotham akute umeshamweka bwana yake kwa mochari."

"Mulamwa," Waruguru alisema, akimwita wifi yake kwa Kibukusu, "mimi nataka tu apatikane."

"Wewe si mtoto wake," Wilkista alisema. Hakupaza sauti. "Ungekuwa mtoto wake mkono wako haungeandika."

Waruguru alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatwa. Khisa alipotoka shuleni alimweleza, akitumaini kwamba mumewe atasimama upande wake. Khisa alivua tai, akaikunja, akaikunjua. Alisema dada yake amesema kwa uchungu, asimhesabie. Kisha akasema kwamba hata yeye hawezi kwenda kule. Amejaribu. Juzi amefika hadi lango la chumba kimoja cha maiti, akanunua maji kwa mama muuzaji, akarudi. "Nikiingia pale nitakuwa nimemzika," alisema. Jotham naye alipoulizwa alijibu kwamba yeye ni kitinda mimba, hawezi kutangulia mbele ya wakubwa wake.

Kwa hiyo Waruguru akanyamaza. Hilo lilimsumbua baadaye kuliko yote, kwamba alinyamaza. Ramani iliendelea kukua. Watu waliongeza Chwele, wakaongeza Kapsokwony, Tongaren, hata Busia, kwa sababu mtu fulani alisikia kwamba mzee mmoja alionekana akivuka mpaka. Jotham alipanda pikipiki hadi mlimani kwa ajili ya picha ya mzee ambaye hakuwa yeye. Rangi za majina zilizunguka ukurasani mchana kutwa, zikienda kila mahali isipokuwa mahali pamoja, na Waruguru aliyezitazama kutoka ofisini Kitale aliona waziwazi shimo ambalo wote walikuwa wakilikwepa. Jinsi walivyolikwepa ndivyo lilivyozidi kuonekana.

Ijumaa moja aliomba ruhusa kazini. Hakumuaga mtu ila Khisa, na alimwambia tu kwamba anakwenda Bungoma. Khisa hakuuliza anakwenda kufanya nini. Alimpa nakala ya taarifa waliyoandikisha polisi, akamshika bega kidogo, akatazama chini.

Chumba cha maiti cha kwanza hakikuwa na mzee asiyejulikana. Cha pili kilikuwa cha hospitali moja nje ya mji, nyuma ya miti ya jakaranda. Mhudumu alikuwa mtu mzima aliyevaa buti nyeupe za mpira, jina lake Hillary. Alisoma ile karatasi ya polisi taratibu. Alisema yupo mzee mmoja aliyeletwa na wasamaria wema, aligongwa na gari usiku barabarani, akaishi siku moja bila kusema jina lake. Mfukoni hakuwa na kitambulisho. Tangazo limeshatoka kwamba wasiojulikana watazikwa na kaunti mwezi ukiisha.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

"Mke wa mtoto wake."

Hillary aliinua macho. Alimtazama usoni, akatazama jina lake kwenye kitambulisho, kisha akauliza kama hakuna mtoto wa kuzaliwa, au hata ndugu. Waruguru alisema wapo. Alianza kueleza sababu, akaacha, na yule bwana hakumlazimisha. Alikuwa mtu wa huko, alijua mwiko ambao mwanamke huyu alikuwa tayari kuuvunja, na kwamba anamwomba yeye amsaidie kuuvunja. Alisimama akifikiri, mkono kiunoni.

"Tufanye hivi," alisema. "Nitakufungulia upande wa miguu kwanza. Kama si yeye, utakuwa hujamwona mtu wa wenyewe."

Mle ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Hillary alivuta droo kidogo, akakunja shuka kuanzia chini hadi juu ya vifundo.

Waruguru hakuhitaji kuambiwa atazame. Miaka yote aliyoolewa katika nyumba ile alikuwa ameinamisha macho mbele ya mzee, na macho yaliyoinama huona miguu. Alijua ile miguu jinsi mtu mwingine anavyojua sura. Mzee alipenda kuketi kivulini na malapa ya tairi, na Waruguru akipita na maji au na mtoto mgongoni aliona visigino vilivyopasuka, kovu la panga juu ya kifundo, na kucha ya kidole gumba cha kushoto iliyogawanyika mara mbili tangu sanduku la tumbaku lilipomwangukia ujanani. Ilikuwa pale. Kovu nalo lilikuwa pale. Mtu fulani alikuwa ameiosha miguu vizuri.

Alisema ndiyo. Akashika ukingo wa meza.

Hillary alimwacha apumue. Kisha akamweleza kwamba kwa karatasi ya hospitali mtu lazima aone uso. Alisema si lazima awe yeye. Anaweza kuondoka sasa awaambie wenyewe, waje hata kesho, na hakuna atakayejua alifika.

Waruguru aliliwaza hilo. Aliona Khisa akinunua maji pale langoni. Aliona Wilkista akifuta. Aliwaza kwamba watauliza, na yeye atasema ameona kucha, na nani atakubali kuacha kumngoja baba yake kwa sababu ya kucha? Watasema ni mzee mwingine. Watarudi Tongaren. Na kule Malakisi sahani itawekwa tena jioni, na kesho yake jioni.

"Fungua," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama Bethwel Wabwile usoni. Upande mmoja ulikuwa umeumia, umevimba. Upande mwingine ulikuwa mzima, na kwenye upande huo alimwona Khisa jinsi atakavyokuwa akizeeka. Hapo ndipo alipolia. Alimwambia mzee, kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu chake kilikuwa hafifu, kwamba amsamehe kwa kumwangalia, na kwamba watu wake wanakuja. Hillary alisimama ukutani, kichwa chini, hadi alipomaliza.

Waruguru alimpigia Khisa simu. Jambo lile hakuliandika popote. Mumewe alisikia anavyopumua, akajua kabla hajatamka. Wilkista, aliyekuwa karibu zaidi kwa kuwa alifanya kazi mjini, alifika kabla ya wote, akiwa bado na kadi ya kazi shingoni. Alimkuta Waruguru kwenye benchi chini ya miti. Hakuketi. Alisimama akitazama mlango wa chumba kile.

"Tangu lini?" aliuliza.

Waruguru alimwambia. Tangu siku moja tu baada ya mzee kutoka Lugulu. Kabla ramani haijafika kwenye neno lile baba alikuwa ameshafika humo.

Wilkista alihesabu kimya kimya. Kisha akaketi, mbali kidogo, mkoba magotini.

"Nilidhani nikilifuta halitakuwa," alisema.

Waruguru alisogea karibu, naye hakumkwepa. Walikaa hivyo mpaka Jotham akaja na pikipiki, vumbi hadi nywelani, na yeye na dada yake wakaingia ndani pamoja, wakishikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Waruguru alibaki kwenye benchi, hadi Khisa naye akafika kutoka Kitale na kuingia.

Jioni ile Khisa alimwomba mkewe afungue ukurasa mwingine, wa mazishi. Waruguru alisita, akihofu kwamba watu wamechoshwa na matawi, lakini kazi zilikuwa nyingi na jamaa wako mbali mbali, wengine Nairobi, wengine Kitale. Aliandika matawi: jeneza, mahema, chakula, mchungaji, wasifu, magari. Lile la kuutoa mwili mochari aliliacha bila jina pembeni, akifikiri wanaume watalichukua. Asubuhi alikuta limeshachukuliwa. Rangi ilikuwa ya Wilkista, na neno lilikuwa lilelile, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Jambo lililobaki lilikuwa la wazee wa ukoo. Walipokutana Malakisi kupanga mazishi, mmoja wao alisema kwamba ni heri mke wa Khisa asionekane kwanza uani, hadi wazungumzie alivyomwona baba mkwe akiwa amelazwa vile. Hakusema kwa hasira, ila utaratibu ni utaratibu. Waruguru alikuwa nyuma ya jikoni akimenya viazi pamoja na wanawake, na maneno yalimfikia kupitia ukuta wa mabati. Aliweka kisu chini. Alianza kufikiri atarudije Kitale na Phelista atamwambia nini.

Jotham akaja kumwita. Alisema mama anamtaka ndani.

Mama Nabwile alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, kitambaa kichwani, miguu imenyooshwa, wajane wenzake wawili pembeni. Tangu habari zifike hakuwa amelia mbele za watu. Aliwaomba wale wanawake wawapishe kidogo, na walipotoka alipapasa mkeka mahali pa Waruguru kuketi. Waruguru aliketi.

"Wanasema wewe ndiye ulimwona," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama Nabwile alipuuza neno la msamaha kama mtu anayefukuza inzi. Alisema watoto wake wote watatu amewauliza, na kila mmoja amemwambia kwamba baba alikuwa sawa, alikuwa amelala. Alisema wanamficha. Wilkista alipoingia alifunga macho, Khisa alitazama ukuta, na Jotham mwenyewe amekiri kwamba hakuweza.

"Mimi nimelala na huyo mtu maisha yangu yote," alisema. "Nataka mtu aniambie alikuwaje. Si vile alivyoumia. Uso wake."

Nje wazee walikuwa bado wanazungumza, sauti zao zikipanda na kushuka. Waruguru alijiuliza kama kuna neno la adabu la kusimulia sura ya baba mkwe kwa mkewe, akajua kwamba hakuna, na kwamba anaulizwa hata hivyo.

Akaanza na upande uliokuwa mzima. Alisimulia nyusi, zilivyokuwa nyingi na nyeupe. Alisimulia ndevu zilizoota kidogo, na mdomo ambao haukukunjamana. Alisema alionekana kama mtu aliyetembea mbali na kuketi mwisho wa safari. Mama Nabwile alisikiliza bila kumkatiza, macho ameyafumba, na wakati mmoja alipeleka kidole kwenye nyusi zake mwenyewe. Waruguru alipofika mwisho, mama aliuliza kama walikuwa wamemfumba macho, na Waruguru akasema ndiyo, vizuri kabisa.

"Haya," mama alisema.

Ndipo alipolia, kwa sauti kubwa ya zamani iliyonyamazisha wazee uani, na wanawake wa jikoni wakaweka visu vyao chini wakaja. Waruguru alitaka kuinuka awapishe wenyewe. Mama Nabwile alikuwa amemshika mkono, na hakumwachia.